Zima WPS kabla ya kuunganisha vifaa kwenye ruta ya nyumbani

Ruta nyingi za nyumbani zina huduma ya WPS, ambayo huruhusu simu au printa kuunganishwa kwa namba ya siri yenye tarakimu 8 bila kuandika nenosiri la Wi-Fi. Namba hiyo huonekana imara, lakini ruta huikagua kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu zilizotangulia, kwa hiyo mvamizi aliye karibu na nyumba hahitaji kujaribu zaidi ya mara 11,000, kazi ambayo kompyuta inaweza kuimaliza kwa saa chache. Akifaulu, ruta yenyewe humkabidhi nenosiri lako, hata liwe refu kiasi gani. Udhaifu huu ulitangazwa mwaka 2011, na ruta za zamani bado zinao.

Fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, uzime WPS, kisha uchague WPA3, njia ya kulinda mawasiliano ya Wi-Fi kwa kuyasimba, au toleo lililoitangulia, WPA2 yenye AES (aina ya usimbaji), iwapo vifaa vyako ni vya zamani. Ukiwa humo humo, badilisha nenosiri la msimamizi, ambalo ni tofauti na lile la Wi-Fi. Kuliacha likiwa "admin" ni hatari kubwa, kwa kuwa yeyote aliyeunganishwa anaweza kugeuza mipangilio yote. Runinga na kamera ziunganishe kwenye mtandao wa wageni, yaani Wi-Fi ya pili ya ruta hiyo hiyo iliyotengwa na vifaa vyako vingine.