Namna ya Kupika Bulviniai Blynai, Chapati za Viazi za Walithuania

Nchini Lithuania, ambako kilimo cha viazi mviringo kilienea sana katika karne ya 19, ni vigumu kutaja chakula cha nyumbani bila kutaja kiazi. Viazi ndivyo vinavyofanya cepelinai, yaani madonge makubwa yaliyojazwa nyama, na ndivyo vinavyofanya kugelis, ambayo ni viazi vilivyokwaruzwa na kuokwa katika oveni. Kwa mpishi anayeanza, hata hivyo, ningeshauri bulviniai blynai. Katika Kilithuania bulvė ni kiazi, na blynas ni chapati ya kumimina kikaangoni. Viungo vyake ni vichache, lakini ubora wake wote unategemea mambo mawili: jinsi viazi vinavyokwaruzwa na jinsi maji yake yanavyotolewa.

Kwa walaji 4, andaa kilo 1 ya viazi, kitunguu maji kimoja, yai moja, vijiko vikubwa 2 au 3 vya unga wa ngano, kijiko kidogo kimoja cha chumvi, pilipili manga kidogo, na mafuta ya kukaangia, yakiwemo ya alizeti, ambayo yanafaa sana. Chagua viazi vilivyokomaa, vyenye wanga mwingi, vile ambavyo vikichemshwa hupasuka na kuwa vya ungaunga. Viazi vichanga vina maji mengi, na chapati zake hukatika zinapogeuzwa. Sehemu yoyote yenye rangi ya kijani ikatwe na kutupwa.

Msomaji aliyezoea katlesi atataka kuchemsha viazi kwanza. Asifanye hivyo, kwani hapa viazi hukwaruzwa vikiwa vibichi. Tumia upande wa kikwaruzio wenye matundu madogo na meno makali, si ule unaotoa nyuzi ndefu, kwa kuwa Walithuania hutaka rojo laini linalofanana na uji mzito, na hilo ndilo linaloipa chapati kingo kavu zenye kukatika mdomoni na kiini laini. Kazi hii huchosha mkono, na ndiyo sababu nyumba nyingi za huko zina mashine ya umeme iliyotengenezwa mahususi kwa kukwaruzia viazi. Asiye na mashine anaweza kutumia blenda, mradi akate viazi vipande vidogo na asiongeze maji hata tone.

Kiazi kibichi kikikutana na hewa hubadilika rangi na kuwa cha kahawia, kisha kijivu, kutokana na kimeng'enya kilichomo ndani yake. Ili kuchelewesha hali hiyo, kwaruza kitunguu kwanza, kisha kwaruza viazi juu yake ukichanganya kila mara, na ukamulie matone machache ya limau. Mafuta yawe yamekwisha kuandaliwa jikoni, maana rojo hili halivumilii kusubiri.

Sasa mimina rojo katika chujio lililotandikwa kitambaa safi juu ya bakuli, uliache kwa dakika 5, kisha ukamue kwa wastani. Ukikamua hadi likauke kabisa, chapati zitakuwa ngumu katikati. Usipokamua, mafuta yataruka na chapati zitachemka badala ya kukaangika. Maji yaliyochujika usiyamwage upesi. Yaache yatulie kwa dakika chache, na utaona wanga mweupe umetuama chini ya bakuli. Mwaga maji ya juu polepole, ukwangue wanga huo na kuurudisha kwenye viazi. Wapishi wengi huiruka hatua hii, kisha hulazimika kuongeza unga mwingi ili mchanganyiko ushikane, na matokeo yake ni chapati yenye ladha ya ngano kuliko ya viazi. Baada ya hapo tia yai, unga, chumvi na pilipili manga, ukoroge.

Pasha moto kikaango kizito chenye mafuta ya kimo cha takriban nusu sentimita. Tone dogo la rojo likitoa povu na kuchacharika mara moja, mafuta yako tayari. Teka kijiko kikubwa cha rojo, ukitandaze kwa mgongo wa kijiko hadi kiwe chembamba, na uache nafasi kati ya chapati moja na nyingine. Kaanga kwa moto wa wastani, kama dakika 3 au 4 kila upande, na usigeuze kabla kingo hazijawa na rangi ya dhahabu iliyokolea. Kila unapoanza mkupuo mpya, koroga rojo tena, kwa sababu maji hujitenga, na uongeze mafuta yakipungua.

Chapati hizi huliwa zikiwa moto, zikiwekewa juu yake grietinė, ambayo ni krimu iliyochachushwa. Mahali isipopatikana, mtindi mzito uliochujwa maji hufaa. Wengi huongeza spirgučiai, yaani vipande vidogo vya nyama ya nguruwe yenye mafuta vilivyokaangwa pamoja na vitunguu. Kwa asiyekula nguruwe, mchuzi wa uyoga na krimu si mbadala wa kubahatisha, bali nao ni wa kwao hasa. Ukipenda chapati yenye nyama ndani, tafuta žemaičių blynai, zinazobeba jina la watu wa Žemaitija, magharibi mwa nchi. Hizo hutengenezwa kwa viazi vilivyochemshwa na kupondwa, na ndizo zilizo karibu zaidi na katlesi.

Zikibaki, zipashe moto siku ya pili katika kikaango kikavu au katika oveni, zikiwa zimepangwa bila kubebana, ili kingo zake zikauke tena.