Jinsi ya kumchunguza Phoebe, mungu wa kike wa mwezi na unabii

Anayetaka kuandika au kufundisha juu ya Phoebe wa Wagiriki wa kale atakuta kila mahali maelezo yale yale, kwamba alikuwa mungu wa mwezi na wa unabii wa Delphi, mahali patakatifu pa Ugiriki ambapo watu walikwenda kuuliza unabii. Sifa hizo mbili hazikutoka kwa mwandishi mmoja wala katika zama moja, na hivi ndivyo ninavyozitenganisha.

Hatua ya 1: Hakikisha unamchunguza Phoebe anayehusika. Mweke kando Fibi wa Waraka kwa Warumi, pamoja na mwezi wa sayari ya Zohali unaoitwa kwa jina hilo.

Hatua ya 2: Andika nasaba yake. Katika utenzi wa Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, uitwao Theogonia, Phoebe ni Titani, yaani mmoja wa miungu wa kizazi kilichomtangulia Zeus, binti wa Gaia (Dunia) na Uranos (Mbingu), mke wa Koios, mama wa Leto na Asteria. Kwa Leto akapata wajukuu Apollo na Artemis, na kwa Asteria akampata Hecate. Hesiod anamwita mwenye taji la dhahabu, lakini hampi mwezi wala unabii. Mwezi kwake ni Selene, binti wa Theia.

Hatua ya 3: Pima habari ya Delphi, na usiharakishe hapa. Tamthilia ya Aeschylus iitwayo Eumenides, iliyoigizwa Athens mwaka 458 KK, inaanza kwa sala ya kuhani wa kike wa Delphi, ambaye anawataja kwa zamu waliokalia kiti cha unabii: Gaia, kisha Themis, mungu wa kike wa sheria na haki, na wa tatu Phoebe, aliyempa Apollo kiti hicho kiwe zawadi ya kuzaliwa kwake. Kuhani anasisitiza kwamba Themis aliridhia na kwamba hakuna aliyelazimishwa. Linganisha sasa na Euripides, mwandishi mwingine wa tamthilia, ambaye kwake Apollo aliliua joka lililolinda mahali hapo na kumwondoa Themis, kisha na Pausanias, mwandishi wa safari wa karne ya 2 BK, anayesema kwamba Themis alimkabidhi Apollo Delphi moja kwa moja, bila Phoebe. Kwa maoni yangu, Aeschylus alimhitaji bibi huyu ili kiti kipite kwa amani ndani ya ukoo, kwani tamthilia yake inaelekea kwenye kuwapatanisha miungu wa zamani na wapya.

Hatua ya 4: Fuatilia mwezi. Virgil na Ovid, washairi wa Kirumi, wanauita mwezi Phoebe, wakimkusudia Diana, mungu wa kike wa mwezi wa Warumi, yaani Artemis, mjukuu anayeitwa kwa jina la bibi yake kama ilivyo desturi katika koo nyingi za kwetu.

Hatua ya 5: Kagua picha kabla ya kuitumia. Katika madhabahu ya Pergamon, mji wa kale uliokuwa katika Uturuki ya leo, ya karne ya 2 KK, Phoebe anapigana na majitu akiwa na mwenge mkononi, na wengi huufasiri mwenge huo kuwa mwanga wa mwezi. Tafsiri hiyo ni dhaifu, kwa sababu Selene naye amechongwa upande huo huo wa madhabahu, akiwa mgongoni mwa mnyama.