Kabla Hujamwacha Mtoto wa Mbwa Peke Yake Kizimbani

Kabla hujampigia fundi simu akutengenezee kizimba, kaa chini upige hesabu ya saa. Mtoto wa mbwa wa wiki 8 hawezi kubana mkojo zaidi ya saa 2 au 3 mchana. Kadirio linalotumiwa na wafugaji wengi ni umri wake kwa miezi, ukiongeza saa moja. Wa miezi 3, basi, mwisho wake ni saa 4, na zikipungua ni heri zaidi. Mtu anayetoka Njiro, Arusha, saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni anakosekana nyumbani saa 10. Kizimba hakiwezi kuziba pengo hilo. Kinachoweza kuliziba ni mtu.

Kwa hiyo mtu wa mchana ndiye wa kutafutwa kwanza, kabla ya mbwa mwenyewe kufika. Anaweza kuwa dada wa kazi, mdogo wako aliye chuoni au jirani mliyezoeana. Muulize waziwazi kama anaogopa mbwa. Na kama ni jirani Mwislamu, usimtwishe jambo linalomlazimu kujitwaharisha kwa sababu ya mate ya mbwa. Wengi watakubali kwa heshima tu huku hawana raha. Atakayekubali mwelekeze mapema: amtoe, amngojee ajisaidie uani, ambadilishie maji, acheze naye kidogo, ndipo amrudishe. Asimpeleke barabarani kabla chanjo hazijakamilika. Ugonjwa wa parvo unaua watoto wa mbwa haraka, na virusi vyake hukaa ardhini muda mrefu, hata hubebwa kwa soli za viatu. Daktari wa mifugo huanza chanjo kwenye wiki ya 6 hadi 8 na kuzirudia kila wiki 3 au 4 hadi mbwa afike kama wiki 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa akifika miezi 3. Ukikosa kabisa mtu wa mchana, ahirisha. Nasema hivi kwa sababu mtoto wa mbwa anayelazimika kulala juu ya mkojo wake kila siku mwishowe huuzoea, na kumrudisha kwenye usafi ni kazi ndefu.

Kizimba chenyewe hakina fumbo. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea, mradi umwambie kiwe na nafasi ya mbwa kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kulala amejinyoosha. Kikizidi hapo atageuza kona moja choo na nyingine kitanda. Kama ni wa aina kubwa, tengeneza cha ukubwa wake wa baadaye, kisha weka ubao wa kugawa ndani unaousogeza anavyokua. Matundu ya wavu yasipitishe kichwa wala kunasa mguu, na fundi apige grainda ncha zote za ndani. Mlango uwe na komeo, usiwe na kufuli: moto ukitokea, jirani aweze kufungua. Mvue kola kila anapoingia, maana ikinasa kwenye wavu inaweza kumnyonga.

Kiweke ndani ya nyumba. Najua wengi wetu tumekulia kwenye nyumba ambazo mbwa ana banda lake nyuma, lakini huyu bado mdogo na amefungiwa. Mvua zikianza, siafu huhama, na kwenye viwanja vyenye migomba na nyasi hufika hadi barazani. Kuku aliyefungiwa bandani hana pa kukimbilia, na mtoto wa mbwa aliye kizimbani ni vivyo hivyo. Mjini Moshi, Januari na Februari, usikisogeze karibu na ukuta unaopigwa na jua la mchana wala chini ya bati lisilo na dari. Arusha, Juni na Julai, sakafu ya saruji ni ya baridi kali. Blanketi la mtumba kutoka soko la Kilombero linatosha. Akianza kulitafuna, litoe, maana vipande vya kitambaa huziba utumbo.

Kumzoesha ndiko kunakotaka subira, na kuanze wakati uko likizo au una siku kadhaa za kushinda nyumbani. Siku za mwanzo mlango ubaki wazi, chakula chake kiwekwe ndani, aingie na kutoka apendavyo. Kisha funga anapokula, fungua amalizapo. Ongeza dakika ukiwa chumba hicho hicho, halafu ukiwa jikoni, halafu nje ya geti. Shika funguo na mkoba mara kwa mara kisha ukae tu, ili mlio wa funguo usiwe tangazo la kuachwa. Usimfungie kwa adhabu hata siku moja. Akilia kidogo, subiri anyamaze ndipo ufungue. Lakini akiamka usingizini na kuanza kulia, huenda amebanwa, mtoe moja kwa moja hadi mahali pa haja, bila michezo, kisha umrudishe.

Kabla ya kufunga mlango siku ya kwanza ya kweli, awe amejisaidia na amecheza hadi amechoka. Chagua Jumamosi, ondoka kwa nusu saa, na uache simu ya zamani ikirekodi. Akilia dakika chache kisha akalala, unaweza kuongeza muda taratibu. Ukiona anatoa udenda mwingi, anang'ata wavu hadi fizi zinatoka damu, au chakula anachokipenda hakigusi, usiongeze hata dakika moja. Mwache kwenye chumba kisicho na nyaya wala sabuni, kizimba kikiwa wazi, na umwone daktari wa mifugo kabla ya kujaribu tena.