Namna ya Kuuzuru Mnara wa Constance

Mnara huu uko Aigues-Mortes, kusini mwa Ufaransa. Panda treni Nîmes, ushuke kabla ya Le Grau-du-Roi. Mnara hufungwa 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba.

Anza na mnara, usikimbilie kuta za mji. Kuta zina urefu wa zaidi ya mita 1,600, na anayezitangulia huingia mnarani akiwa hoi, akachungulia na kutoka. Beba sweta hata Julai: mawe yana unene wa mita 6 hivi, jua halipenyi. Ngazi ni za mzunguko, kwa hiyo vaa viatu visivyoteleza.

Kabla ya kupanda, jua ni kina nani walifungwa humu mnara ulipokuwa gereza. Mwaka 1685 Mfalme Louis XIV aliifuta Amri ya Nantes, iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu, ibada yao ikawa kosa. Wachungaji walinyongwa, wanaume waliokamatwa kwenye ibada za mafichoni wakapelekwa kupiga makasia kwenye merikebu za mfalme, na wanawake wengi wakaletwa hapa. Marie Durand aliingia mwaka 1730 akiwa na miaka 19, akatoka 1768. Kaka yake Pierre, mchungaji, alinyongwa Montpellier mwaka 1732. Marie angeikana imani yake, angefunguliwa. Hakuikana kwa miaka 38.

Katika chumba cha juu, tafuta tundu la duara katikati ya sakafu. Wageni wengi hudhani ni kisima, wakapita. Inama uutazame ukingo wake wa mawe: hapo pamechongwa RESISTER, yaani kupinga, kutosalimu amri. Usiwashe mwanga wa kamera, kwani mwanga wa mbele hufuta vivuli, na herufi zisizo na kina husomeka kwa vivuli tu. Sogea hadi mwanga wa dirishani uzipige kwa ubavu. Usiziguse. Mapokeo humtaja Marie kuwa ndiye aliyechonga, lakini jina halipo, basi ukimsimulia mtoto mwambie hivyo hivyo. Kisha kaa kimya walau dakika 10. Chumba hiki kilikuwa nyumba ya watu.

Makumbusho ya Désert, yanayohifadhi historia ya Waprotestanti hao wa mafichoni, yako Mialet; yaendee siku nyingine. Jumapili ya kwanza ya Septemba Waprotestanti hukusanyika huko kwa ibada ya wazi, kwa hiyo fika mapema.