Kuhamia Windows 11 bila kupoteza kazi zako: mwongozo kwa wenye kompyuta Tanga

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015 na ambao bado unaendesha kompyuta nyingi katika steshenari za Ngamiani, katika ofisi ndogo za Chumbageni na majumbani mwa watu hapa Tanga. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo wala hakuna kilichobadilika kwenye kioo, na ndiyo maana wengi waliliweka kando jambo hili hadi fundi alipowaambia kwamba mashine yao haipokei Windows 11. Waliokwisha kuhama, ukiwasikiliza, hawailalamikii sana Windows mpya; wanalalamikia printa iliyogoma, fonti zilizopotea na mafaili ambayo hakuna aliyeyanakili kabla ya kazi kuanza. Karibu yote hayo hushughulikiwa jioni moja kabla ya kuhama, na mwongozo huu umeipa jioni hiyo nafasi kubwa kuliko usakinishaji wenyewe.

Jambo la kwanza ni kuijua mashine uliyo nayo. Kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa hapa ni za mtumba, na muuzaji hukutajia "Core i5" kana kwamba maneno hayo yanatosha, ilhali Core i5 imekuwepo kwa miaka mingi na katika vizazi vingi. Fungua Settings, uingie System, kisha About, usome mstari wa prosesa, yaani chipu kuu inayoendesha kompyuta. Tarakimu zinazofuata alama ya kistari ndizo zinazoamua: i5-6300U ni ya kizazi cha 6 na haikubaliki, i5-8250U ni ya kizazi cha 8 na inakubalika, na i5-10210U ni ya kizazi cha 10. Kwa prosesa za Intel mpaka umewekwa kizazi cha 8, isipokuwa chache sana za kizazi cha 7. Kwa AMD, nyingi zinazokubalika ni Ryzen za mfululizo wa 2000 na kuendelea. Zaidi ya prosesa, Windows 11 inataka RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4, hifadhi ya GB 64, Secure Boot (kinga inayozuia programu zisizoaminika wakati kompyuta inawaka), na chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0.

Ili kuona kama TPM ipo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha bonyeza Enter. Ukiambiwa haikupatikana ilhali prosesa yako ni ya kizazi cha 8 au zaidi, usikimbilie kununua kompyuta nyingine, kwani mara nyingi ipo ila imezimwa ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, ambako kwenye mashine za Intel huitwa PTT na kwenye za AMD huitwa fTPM. Ipo pia programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check ambayo hukujibu moja kwa moja kama mashine inafaa, na isipofaa hukueleza sababu.

GB 4 za RAM ni kiwango cha kwenye karatasi. Mwenye RAM hiyo na diski ya zamani ya kuzunguka atahama salama, kisha atakaa akisubiri kila dirisha lifunguke hadi ajute. Kama una fedha za kitu kimoja tu, nunua kwanza SSD, yaani diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. RAM ifuate utakapojaliwa.

Sasa tuje kwenye jioni yenyewe. Chukua diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha, na usiishie kunakili folda ya Documents. Pitia Desktop na Downloads, maana humo ndimo vinamolala vyeti vilivyoskaniwa, barua za kazi na mafaili ya WhatsApp ambayo mwenyewe hukumbuki kuwa uliyapakua. Kama unatumia programu ya hesabu au ya mauzo, tengeneza nakala ya akiba kutoka ndani ya programu hiyo, kwa kuwa kunakili folda yake pekee kunaweza kukupa mafaili yasiyofunguka. Hakikisha nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zimeunganishwa na akaunti yako, au uziandike mahali salama.

Wenye steshenari wana jambo lao, nalo ni fonti. Duka linalochapa kadi za harusi na kadi za michango huwa limekusanya fonti kwa miaka, na kila mteja anayerudi hutaka maandishi yaleyale yaliyotumika kwenye harusi ya dada yake. Fonti hizo haziko Documents. Ziko kwenye folda iitwayo Fonts ndani ya folda ya Windows yenyewe, na nyingine ndani ya folda ya mtumiaji, kwa hiyo fundi akifuta diski zinakwenda zote. Inakili folda nzima ya Fonts, pamoja na zile za ndani ya folda ya mtumiaji. Wanaochapa mitihani ya madrasa waangalie pia kibodi ya Kiarabu: ikiwa diski itafutwa, itabidi waiongeze upya kwenye sehemu ya lugha, na wahakikishe fonti ya Kiarabu waliyoizoea imo kwenye nakala, la sivyo karatasi ya zamani itafunguka huku mistari na kurasa zimehama.

Andika pia modeli kamili ya printa na ya skana. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama kuna draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa) ya Windows 11, au walau ya Windows 10 ya biti 64, ambayo mara nyingi hukubali. Kifaa chenye draiva ya biti 32 pekee hakitafanya kazi, kwa sababu Windows 11 haina toleo la biti 32. Ni afadhali ulijue hilo leo kuliko kulijua asubuhi wakati foleni ya wanafunzi wanaotaka kutoa fotokopi imefika nje ya mlango.

Kuna ufunguo mmoja ambao watu wengi hawajui kuwa wanao. Kompyuta nyingi za siku hizi husimba diski zenyewe kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofanya diski isisomeke bila ufunguo, na ukibadilisha kitu kwenye BIOS, kama vile kuwasha TPM, zinaweza kukudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 kabla ya kukufungulia chochote. Ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili mashine. Ingia humo, uuandike kwenye karatasi na kuuweka pamoja na nyaraka zako. Kisha, kabla ya kugusa BIOS, simamisha BitLocker kwa muda. Kwa mashine ya mtumba hili lina uzito wa pekee, kwani akaunti hiyo inaweza kuwa ya mtu aliye Ulaya ambaye hutampata kamwe.

Kuhusu bando, faili la Windows 11 linazidi GB 5, na kulipakua upya kwa kila kompyuta ya ofisi ni kuchoma fedha. Tafuta mahali penye Wi-Fi nzuri, ulipakue mara moja kutoka tovuti ya Microsoft, uliweke kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa kutumia Media Creation Tool, na flashi hiyo itumike kwa mashine zote. Flashi za kuazimana mtaani ziepuke, kwani hujui kilichoongezwa ndani yake. Umeme nao ufikirie: mpakato uwe na betri inayoshika chaji, na kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya usakinishaji mfumo unaweza kubaki nusu huku nusu kule.

Ukifika kwenye usakinishaji, kuna njia mbili, na kuzichanganya ndiko kunakozaa vilio vingi. Njia ya kwanza ni kuchomeka flashi ukiwa ndani ya Windows 10, kuifungua kama folda nyingine yoyote na kubofya faili la setup. Njia ya pili ni kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi, ambako mafundi wengi huanzia kwa mazoea, kwani kwao "kupiga Windows" ni kufuta diski na kuanza upya. Njia ya kwanza hubakiza mafaili na programu zako; ya pili, kwa namna inavyofanywa, haibakizi. Mweleze fundi wazi kwamba unataka ya kwanza, ukae naye hadi kitokee kioo cha mwisho kabla ya kusakinisha, kisha usome mwenyewe mistari yake: mmoja lazima useme kwamba mafaili binafsi na programu vitabaki. Mstari huo usipokuwepo, au ukisema hakuna kitakachobaki, rudi nyuma kabla hujabofya chochote. Kama Windows 10 yako ilikuwa imesajiliwa kihalali, hutadaiwa malipo yoyote kwa kuhamia Windows 11.

Siku za kwanza macho yatahangaika kidogo. Kitufe cha Start kiko katikati. Ukitaka kirudi kushoto, bofya upau wa chini kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ufungue mipangilio yake na ubadilishe mpangilio. Menyu ya kubofya kulia imefupishwa, na ile ndefu ya zamani huja kwa Shift na F10. La maana zaidi ni kuchapa karatasi ya majaribio kwenye kila printa na kufungua kila programu ya kazi mapema, kwani una siku 10 tu za kurudi Windows 10 kupitia Settings, System, kisha Recovery. Katika siku hizo usifute folda ya Windows.old, hata kama imekula nafasi kubwa, kwa sababu bila hiyo huwezi kurudi.

Wale ambao mashine zao hazifai wataambiwa na fundi kwamba kuna namna ya kuruka masharti. Ipo kweli, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa kompyuta ya namna hiyo, na mimi nisingeiweka kwenye mashine inayotunza kumbukumbu za wateja. Lililo salama zaidi ni kubaki Windows 10 ya toleo la 22H2 na kujiandikisha, kupitia sehemu ya Windows Update, kwa masasisho ya ziada ya usalama ambayo Microsoft ilitangaza kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026. Uandikishaji huo haulipiwi ikiwa utakubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Usipotaka hivyo, unaweza kulipa dola 30 za Marekani.

Kwa mwanafunzi au mtu wa barua, intaneti na video, Linux Mint, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft, inafaa vizuri, ni ya bure, na matoleo ya mfululizo wa 22 yatahudumiwa hadi 2029. Kwa steshenari yenye CorelDRAW au Photoshop siishauri, maana programu hizo hazina toleo la Linux, na LibreOffice, programu ya kuandikia iliyomo ndani yake, hufungua mafaili ya Word lakini wakati mwingine husogeza kurasa. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa diski. Ijaribu hivyo kwanza: unganisha Wi-Fi, cheza sauti, chapa ukurasa mmoja, fungua barua yako ndefu kuliko zote. Vyote vikikubali, isakinishe. Printa ikikataa na hakuna draiva yake, chomoa flashi, washa upya, na Windows 10 yako itakuwa palepale ulipoiacha.