Somo: Kurekebisha gauni la harusi mwili ukishabadilika

Gauni lilinunuliwa mapema, likatundikwa kabatini, na sasa zimebaki wiki chache bi harusi kapungua, au kanenepa, au ana ujauzito. Somo hili ni la fundi anayejua cherehani tayari lakini anaogopa kugusa gauni la mtu. Kabla ya yote, shona kwa mwili uliopo leo. Bi harusi akikwambia "acha hivyohivyo, mpaka siku ile nitakuwa nimepungua," mkatalie kwa upole. Ukimkubalia unampeleka kwenye njaa, na siku yenyewe atasimama saa nyingi amebanwa kifua, tumbo tupu.

1. Kumpima akiwa amelivaa. Aje na sidiria atakayovaa siku ya harusi, na viatu vilevile. Alivae gauni upande wake wa nje. Najua wengi hulivisha ndani nje ili kupiga chaki iwe rahisi, lakini mabega na nyonga za mtu hazilingani kulia na kushoto. Ukiligeuza, marekebisho ya kulia yanaangukia kushoto. Bana kwa pini nyembamba ukifuata mishono iliyopo, kwa sababu satini hubaki na tundu pini ikichoma katikati ya kitambaa. Ukishabana, mwambie aketi, avute pumzi ndefu, ainue mikono kama anayemkumbatia mama mkwe. Pini zikivuta, legeza.

2. Kufungua bitana na kuangalia ndani. Hapa ndipo utajua kama kazi inawezekana. Magauni mengi ya kiwandani huachwa na nusu inchi tu ya kitambaa ndani ya mshono, mengine pungufu. Usimwahidi mtu kumtanulia gauni kabla hujaona ndani ya gauni lenyewe. Piga picha ndani na nje kabla ya kufumua chochote.

3. Kutoa maua ya lesi na shanga. Ua la lesi likikatisha mshono wa ubavuni, lifumue kwa mkono, liweke pembeni, utalirudisha baadaye juu ya mshono mpya. Ukishona juu yake litajikunja na kila mtu ataona. Shanga nazo zitolewe nusu inchi kila upande wa mstari mpya, na uzi unaobaki ufungwe fundo, la sivyo zilizobaki zitamwagika ukumbini. Sindano ya cherehani ikigonga shanga huvunjika, na kipande kinaweza kuruka machoni.

4. Kupunguza. Gawanya hesabu. Ukitaka kutoa inchi 2, mishono miwili ya ubavuni itachukua inchi 1 kila mmoja, maana yake nusu inchi kwa kila upande wa kitambaa. Ikizidi hapo usizibebeshe mbavu peke yake. Kifua kitahama kuelekea kwapani na umbo lake litapotea. Punguza pia kwenye mishono ya mbele na ya mgongo inayopita juu ya kifua kushuka kiunoni. Piga bandi kwanza, yaani mshono wa muda, kwa uzi wa rangi nyingine, alivae tena, ndipo uingie cherehani na sindano mpya namba 9 au 11. Kitambaa kilichozidi usikikate mpaka ajaribu mara ya mwisho.

Gauni lisilo na mikono lina tabu yake. Bi harusi aliyepungua hushinda akilivuta juu, na mafundi wengi hukimbilia kukaza kifua. Gauni la namna hii halishikiliwi na kifua, hushikiliwa na kiuno. Chukua utepe mgumu usiovutika, upana wa inchi 1, ushone kwa ndani kwenye mishono ya kiunoni tu, ufungwe na kulabu nyuma kabla ya kupandisha zipu. Uzito wa sketi utakaa kwenye utepe huo. Ni kazi ndogo, na ndiyo inayomwacha mtu acheze bila wasiwasi.

5. Kutanua. Kama ndani kuna akiba, achia, ila ujue satini itaonyesha alama ya mshono wa zamani. Kama hakuna, ushauri wangu ni mmoja: toa zipu, weka kamba za kukaza mgongoni. Shona ukanda wa vitanzi pande zote mbili, kipande cha kuficha mgongo nyuma yake, na kamba ya yadi 4 hadi 5. Mgongo unaweza kuachia hata inchi 4 na bado ukapendeza, na mwili ukibadilika tena unavuta au unalegeza bila kufumua. Kipande cha kuongeza chini ya kwapa nacho kinafaa, hasa kikifunikwa lesi.

6. Pindo ni la mwisho. Kiuno kikiguswa, urefu unabadilika. Ukikata pindo, mabaki mpe mwenyewe ayahifadhi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada fundi. Mteja wangu ana ujauzito wa miezi minne, harusi ni baada ya miezi miwili. Nianze sasa?*

Marahaba. Kamba za mgongoni weka sasa. Tumbo usilishonee leo, ila akubali kwamba kiuno kitapandishwa hadi chini ya matiti, na kazi hiyo muifanye wiki mbili za mwisho. Mbele huwa fupi kuliko nyuma tumbo likichomoza, kwa hiyo pindo pimeni siku za karibu kabisa.

*Nimeachia mshono, matundu yanaonekana. Nifanyeje?*

Jaribu mvuke wa pasi kwa mbali, kisha sugua taratibu kwa ukucha upande wa ndani. Yakikataa, usipandishe moto, satini ya polyester huyeyuka. Panga maua ya lesi kufuata mstari huo, pande zote mbili ili yafanane.

*Aliyejifungua juzi na ananyonyesha?*

Mpime akiwa hajanyonyesha, kifua kikiwa kimejaa. Mwekee zipu fupi iliyofichwa ubavuni, na bitana ya pamba kifuani.

*Gauni ni la kukodi. Nashonaje bila kuliharibu?*

Kwanza mwenye duka akubali, na awepo shahidi au maandishi. Kisha usifumue wala kukata chochote. Punguza kwa mkono, kwa ndani, hatua ndefu, uzi wa rangi tofauti kidogo na kitambaa ili wakati wa kurudisha uonekane haraka na ufumuliwe bila kugusa mshono wa kiwandani.