Somo: Kuusoma Mto Malagarasi kwa Miguu Kabla ya Kuingia na Kayaki

Somo hili ni la wanachama wanaotaka kutembea kandokando ya Mto Malagarasi, chini ya Uvinza, hadi maporomoko ya Igamba, na la wale wachache wenye kayaki, yaani mtumbwi mwembamba na mwepesi wa kupiga kasia, wanaotamani maji ya kasi. Msimamo wangu ni kwamba mtu asiingie na chombo mahali ambapo hajapita kwanza kwa miguu, na kwa sababu hiyo nitasema mengi kuhusu kutembea na kutazama kuliko kuhusu kupiga kasia.

Malagarasi huanzia karibu na mpaka wa Burundi, hupita katika ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, kisha huteremka kupitia Uvinza na kuingia Ziwa Tanganyika upande wa Ilagala. Ardhioevu hiyo hushika maji ya mvua na kuyaachia polepole, kwa hiyo mvua ikikatika Kigoma mjini usidhani kwamba mto nao umepungua siku hiyohiyo. Wanajiolojia huuhesabu mto huu kuwa mkongwe kuliko ziwa lenyewe, kwamba zamani ulitiririka hadi Kongo, na ndiyo maana wamo samaki wa Kongo ambao ziwani hawapatikani. Jambo hilo halimsaidii mtu kukwepa mwamba, lakini mimi hulikumbuka kila nikaapo ukingoni.

Hatua ya kwanza ni ruhusa na msimu. Piga hodi katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, eleza mnakwenda wapi na mtarudi lini, na uombe mwenyeji wa kuwaongoza, hasa mvuvi. Igamba pia ni eneo la mradi wa umeme wa maji wa megawati 49.5, kwa hiyo uliza ni njia zipi ziko wazi. Chagua miezi ya kiangazi, wakati mawe yanaonekana na njia hazitelezi.

Hatua ya pili ni kutembea. Anzeni asubuhi na mpange saa ya kugeuka kabla ya kuondoka, kisha muiheshimu hata kama maporomoko yamebaki karibu. Wageni kutoka Dar es Salaam hufurahia kwamba huku jua huchelewa kuzama, wakisahau kwamba asubuhi nalo lilichelewa kuchomoza. Vaeni viatu vinavyoshika mwamba uliolowa, na msikanyage jiwe lenye ukungu wa kijani karibu na ukingo.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha somo, ni kuyasoma maji. Simama mahali pa juu uangalie kipande kizima, kutoka maji yanapoanza kukaza mwendo hadi yanapotulia. Ukiona umbo la V ambalo ncha yake inaelekea mto unakoteremkia, huo kwa kawaida ni mlango kati ya miamba miwili; ncha ikielekea mto unakotoka, hapo pana mwamba uliojificha. Nyuma ya mwamba mkubwa maji hugeuka na kutulia, na hapo ndipo mpiga kasia hupumzika na kupanga hatua inayofuata. Mahali ninapopahofia kuliko pote ni pale maji yanapodondoka kwa mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, kwa kuwa chini yake maji hurudi nyuma na kuviringisha chombo au mtu bila kumwachia. Hofu yangu ya pili ni mti ulioanguka: maji hupenya kati ya matawi, lakini mtu hapenyi. Kipimo cha kimataifa hugawa maji ya kasi katika madaraja sita, kutoka jepesi hadi la hatari kabisa, na maporomoko yenyewe ya Igamba ni ya kutazamwa tu.

Hatua ya nne ni vifaa: kayaki, kasia, helmeti, jaketi okozi linalobana mwili, filimbi, na kamba ya kurushia iliyo mkononi mwa mwenzako aliyesimama ukingoni, upande wa chini wa kipande cha maji ya kasi, kabla hujaingia. Usiingie peke yako.

Hatua ya tano ni kuanguka, kwa maana utaanguka. Lala chali, miguu mbele na juu, kisha ogelea kimshazari kuelekea maji yaliyotulia. Usijaribu kusimama katika maji ya kasi yanayopita magoti, kwa sababu mguu ukinaswa kati ya mawe mkondo humlaza mtu kifudifudi na kumzamisha hata mahali pasipofika kiunoni. Kumbuka kwamba kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Ilagala: Shikamoo mwalimu. Sina kayaki, ila mtumbwi wa baba upo. Je, naweza kuutumia?

Marahaba, mwanangu. Kwenye maji yaliyotulia na kwa idhini ya baba, sawa. Kwenye maji ya kasi, hapana. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na mtumbwi uliojaa ukikubana kwenye mwamba hakuna mikono itakayouvuta.

Mwanachama wa Uvinza: Mamba na viboko, mwalimu?

Hili ndilo swali zito. Mnamo Desemba 2010 Hendri Coetzee, kiongozi wa safari za kayaki kutoka Afrika Kusini na mzoefu mkubwa wa mito ya Afrika, alichukuliwa na mamba akiwa kwenye Mto Lukuga, ule unaotoa maji ya ziwa letu upande wa Kongo. Alikuwa na wenzake, na uzoefu wake haukumwokoa. Hatari hii iko hasa katika mabwawa tulivu kati ya kipande na kipande, yaani palepale mtu anapodhani amefika salama. Wavuvi wakisema bwawa fulani lina mamba, safari ya kayaki imekwisha; endeleeni kwa miguu, mbali na ukingo. Kuhusu kiboko, msisimame kati yake na maji, wala msipige hema kwenye njia zake za usiku.

Mwanachama wa Kasulu: Dada yangu aliumwa sana na mbung'o. Avae nini?

Mikono mirefu, kitambaa kizito, rangi ya kaki. Nyeusi na buluu huwavuta. Homa ikimpata baada ya safari aende hospitali na ataje kwamba aliumwa na mbung'o, ili achunguzwe malale pamoja na malaria.

Mwanachama wa Tabora: Nitajifunza wapi kupiga kasia kabla ya kuja huko?

Jinja nchini Uganda, kwenye Nile, au Sagana nchini Kenya, kwenye Mto Tana. Kote huko wapo walimu wa kazi hii. Usirudi kabla hujaweza kugeuza kayaki iliyopinduka bila kutoka ndani yake.